Dakika Saba za Alhaji

12 Januari, Jumatatu

Daftari hili kanipa Emilia, msoma habari wetu. Anasema hasira nikizimwagia kwenye karatasi huenda nikaacha kuwamwagia watu. Haya, tuone. Ya leo ni hii: greda la watengeneza barabara limekata waya unaoleta intaneti kituoni, na fundi wetu wa mitambo, Obedi, kashinda mapokezi anamenya karanga. Nikamuuliza kazi inakwendaje. "Dada Mwantum," kasema, "waya si wangu, greda si langu." Karanga ndizo zilikuwa zake.

Redio inaweza kuishi bila intaneti. Nyimbo zimo kwenye kompyuta, na kipindi changu cha jioni kinahitaji kipaza sauti na pumzi tu. Tatizo ni kwamba kompyuta zimeanza kupishana saa. Ya studio inasema hivi, ya matangazo inasema vile, na leo tangazo la sabuni limemkatiza Emilia katikati ya habari za msiba. Msikilizaji mmoja kapiga simu kuuliza kama marehemu alikufa kwa uchafu.

15 Januari

Mvua. Matope mpaka mlangoni mwa studio. Hakuna la maana.

17 Januari, Jumamosi

Obedi kazipatanisha saa, na kwa mara ya kwanza nimemwona anafurahia kazi yake, kwa hiyo naandika alivyonieleza. Kompyuta huwa inauliza saa kwa mwenzake. Ile yetu kubwa ya chumba cha nyuma, tunayoiita Bibi kwa uzee wake, ilikuwa ikiuliza nje kupitia intaneti, kwa mashine inayouliza kwa nyingine, mpaka kwenye zile saa kubwa zisizokosea. Kisha kompyuta zetu zote humuuliza Bibi. Sasa nje hakuna wa kuulizwa. Obedi kamwambia Bibi atazame saa yake mwenyewe ya tumboni, na awajibu wenzake kwa hiyo hiyo.

"Na wanamwamini?"

"Mwanzoni waligoma. Kila mashine inataja daraja lake, kwamba iko karibu kiasi gani na saa ya kweli. Nilimpa Bibi daraja la chini, wakamdharau. Nikampandisha la kwanza kabisa. Si unaona wametulia?"

"Umempa cheo bila shule."

"Si ndivyo nchi inavyokwenda, dada? Ni kwa muda tu. Waya ukirudi, namshusha."

Nilicheka sana. Leo hasira sina.

26 Januari

Radi imepiga mchana, umeme ukakatika mpaka betri ya akiba ikaisha. Ulipowaka, Bibi akaamka anadhani ni mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Ndani yake mna kibetri cha mviringo kinachomkumbusha saa akiwa amezimwa, na kibetri hicho kilishakufa. Obedi alikiomba tangu kabla ya Krismasi. Alhaji Swedi, mkurugenzi wetu, alimjibu mbele ya watu: "Kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati nacho ni ajenda ya kikao?"

Leo Obedi alikwama nyumbani kwao Ihumwa, korongo limejaa. Basi Alhaji akaingia chumba cha nyuma mwenyewe, kavua viatu, kakunja mikono ya kanzu, katazama saa yake ya mkononi, kamwandikia Bibi saa na tarehe. Kompyuta zote zikafuata. Tukampigia makofi. Mzee wa miaka sitini na kitu, anaamrisha mashine kama mtoto wake wa kumzaa!

Namheshimu Alhaji, niseme ukweli. Nilikuwa nauza vocha sokoni akanisikia nikigombana na mteja, akasema sauti ile inapotea bure. Kanifundisha kusoma, kunyamaza, kupumua. Watu wakimsema, namtetea mimi.

3 Februari

Umeme umekatika tena. Alhaji kaweka saa tena. Sasa ni kazi yake rasmi, hata Obedi hagusi.

10 Februari, Jumanne

Tumerekodi matangazo ya Ramadhani. Msikiti umetupa ratiba ya magharibi kwa mwezi mzima, kompyuta itarusha adhana yenyewe kwa dakika iliyoandikwa, na baada ya adhana ni mimi: "Saa ya kufuturu imewadia. Mola azipokee funga zetu. Futari njema." Nimerudia mpaka Alhaji akaridhika. Anataka watu waisikie kama wanaitwa na mtu wa nyumbani.

Jioni nikampigia mama. Mama yangu anakaa mbele ya Ihumwa, kwenye kishamba tulichonunua tulipomtoa Kondoa baada ya baba kufariki. Msikiti uko mbali, kipaza sauti hakifiki, na simu yake ni ya kupokelea tu. Saa yake ni redio. Mwaka jana hakufunga hata siku moja. Sukari ilimlaza, daktari akamkataza, tukalisha maskini kwa niaba yake, naye akalia mwezi mzima akisema anakula mchana kama mbuzi. Mwaka huu daktari kamkubalia, kwa masharti, na asipoteze hata tonge moja la daku.

"Nitafuturu kwa sauti yako, Mwantum," kasema. "Nani mwingine kapata hiyo?"

13 Februari

Waya umeungwa, intaneti imerudi. Nimemkumbusha Obedi amshushe Bibi cheo. Kasema kesho.

18 Februari, Jumatano

Mwezi umeandama, kesho tunafunga. Mawingu mazito. Emilia kaapa atafunga na mimi siku ya kwanza "kwa utani tu". Saa nne asubuhi nitamkuta na andazi, namjua huyu Mgogo.

19 Februari

Saa tatu na nusu. Na andazi lenyewe lilikuwa langu.

24 Februari

Mvua kila jioni, jua hatulioni kabisa. Ujumbe wa msikilizaji wa Chamwino: "Mbona adhana yenu inatangulia simu yangu?" Nikampelekea Alhaji. Kacheka. "Simu za kichina hizo. Mjibu kwa adabu, mwambie sisi tunafuata ratiba ya msikiti." Nikamjibu kwa adabu.

25 Februari

Wengine wawili, swali lile lile. Nikawajibu kwa adabu.

1 Machi, Jumapili

Nina hasira, naandika vibaya, na basi.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Mchana mvua ilikatika, mawingu yakapasuka upande wa magharibi, na jioni mtaa wetu wote wa Chang'ombe ukawa na mwanga kama umeoshwa. Nilitoka chumbani kununua tambi dukani kwa Marko. Marko ni Mkristo, lakini Ramadhani huweka redio yetu juu ya friji na kuipandisha sauti ikikaribia magharibi, na sahani ya tende kaunta, bure, kwa atakayekutwa njiani. Tulikuwa watu kama saba. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kikapu cha bamia, midomo imemkauka.

Adhana ikalia. Nikasikia sauti yangu: "Saa ya kufuturu imewadia."

Jua lilikuwa linanipiga usoni.

Si mwanga wa jua kuzama. Jua lenyewe, zima, limekaa juu ya mabati ya nyumba za mbele, jekundu, halina haraka yoyote. Nikatazama simu. Ilikuwa nyuma ya redio kwa dakika saba. Nikageuka, na yule bibi alikuwa ameshatafuna tende, anakunywa maji amefumba macho, anasema Alhamdulillahi. Marko akanisukumia sahani. "Karibu dada. Hata wewe unafuturu na sauti yako mwenyewe!"

Watu wakacheka. Watu saba wananitazama, na mimi kazi yangu ni kusema, nikanyamaza kama gogo. Nimerudi chumbani bila tambi.

2 Machi

Nimemkaba Obedi kabla hajavua koti. Hakumshusha Bibi. Waya umerudi tangu katikati ya Februari, saa za kweli ziko pale nje zinangoja kuulizwa, na kompyuta zetu hazina habari nazo kwa sababu wamekaa na mkubwa wa daraja la kwanza, anawajibu bila kusita.

"Lakini hata hivyo asingepotea dakika saba," Obedi kasema. "Bibi huwa anakosea sekunde sekunde tu. Saba hizo kawekewa."

Tukatazamana. Wote wawili tulijua nani kaweka.

Mhudumu wa mapokezi, Antonia, ndiye aliyetumalizia, wala hakujua anachosema. "Saa ya Alhaji? Si anaitangulizaga makusudi. Anasema ili swala isimpite, akiona imefika yeye bado ana nafasi ya kutawadha."

Kumbe. Ni jambo jema, hata baba yangu alifanya hivyo. Mtu akiwahi swala hakuna anayeumia. Lakini saa hiyo hiyo ukiifungulia funga, umewalisha watu mchana.

3 Machi

Nimekwenda ofisini kwake kwa heshima zote. Shikamoo, marahaba, kaa mwanangu. Nikamweleza. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Kasimama, kanishika bega, kanizungusha kituo kizima. Saa ya ukutani studio, ile ya taa nyekundu: ile ile. Kompyuta ya matangazo: ile ile. Ya Antonia: ile ile. Ya mhasibu: ile ile.

"Unaona? Zote zimekubaliana. Ya kwako peke yake ndiyo inabisha."

"Alhaji, zote zinamuuliza Bibi. Na Bibi kaambiwa na wewe. Hao si mashahidi, ni watu waliosimuliwa na mtu mmoja."

"Nitalitazama," kasema.

Nimetoka nikimwombea. Kumbukeni hilo nyie karatasi. Nilimwombea, nikisema mzee kachanganyikiwa tu, na funga, na uzee.

4 Machi

Mvua. Adhana imelia kama jana. Hakuna aliyetazama kitu.

5 Machi, Alhamisi

Leo nimepata jibu, na laiti nisingelipata.

Nilimwomba Emilia anishikie kipindi, nikaenda kumtafuta Alhaji msikitini anakofuturu, mjini. Nilitaka nimkute na masheikh, labda mbele yao atasikia. Jamvi lilikuwa limetandikwa uani, wazee wamekaa mistari miwili, uji kwenye vikombe, kila mmoja na tende zake tatu. Alhaji alikuwa kati yao, kanzu nyeupe, kofia yake ile ya kushonwa kwa mkono. Mimi nilisimama upande wa wanawake, karibu na bomba.

Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi. Redio yake ikatoa adhana yetu. Halafu mimi: "Saa ya kufuturu imewadia. Mola azipokee funga zetu."

Hakuna mzee aliyegusa tende. Mmoja akasema kitu, wengine wakacheka, na Alhaji akatikisa kichwa akitabasamu, kama mtu anayetaniwa kuhusu mke wake. Kumbe ni mzaha wao wa kila siku! Wamekaa hapo, wanaisikia redio yake inawafungulisha watu, na yeye anangoja. Kikombe mbele yake, mikono mapajani, ametulia. Dakika zile zikapita zote. Muadhini wa msikiti akapanda, akaadhini, ndipo Alhaji akasema Bismillahi na kuipeleka tende mdomoni.

Akainua macho akaniona.

Nimemwita baba mtu huyu. Nimewatukana watu kwa ajili yake. Kila jioni anailinda funga yake kama yai, na za watu wengine anaziacha zivunjike kwa sauti yangu. Yangu! Angetumia yake basi, si ana sauti?

Sikusalimia. Niligeuka nikaondoka, na mvua ikanikuta njiani, wala sikujali.

6 Machi, Ijumaa

Ameniita baada ya swala, na Obedi. Mlango ukafungwa.

Hakukana. Anasema alijua siku ya nne, wazee walipomtania. Akadhani ni dakika moja, mbili. Baadaye akaona keshachelewa kusema.

"Nimejenga kituo hiki kwa miaka ishirini, Mwantum. Watu wakisikia tumewafungulisha jua lipo, hakuna atakayetusikiliza tena, hata tukitangaza mvua nao wamelowa. Aliyekosea bila kujua hana dhambi. Allah ni mwingi wa kusamehe."

"Na anayejua?"

Akajifanya hakusikia. Akamgeukia Obedi. "Rekebisha. Lakini taratibu. Punguza dakika moja kila siku, watu wasishtuke. Wiki moja tu tumeshafika."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Obedi nikingoja akatae, na Obedi, mtoto wa mchungaji, akasema kwa sauti ya kitaalamu: "Kiufundi ndivyo inavyotakiwa hata kwenye mashine. Saa ukiirudisha nyuma ghafla, programu zinachanganyikiwa. Unaivuta polepole."

"Obedi, watu si programu!"

Nilipiga kelele mpaka Antonia akagonga mlango. Nikamwambia Alhaji: kesho wafuturu dakika sita kabla, keshokutwa tano, na wewe unajua, na unawapangia. Unawakatia haramu vipande vidogo vidogo wasione ukubwa wake. Nikamwambia mengine ambayo siandiki, kwa sababu bado ni mzee, na mimi bado ni mtoto wa mama yangu.

Akasema: "Ukitamka neno hewani, usirudi hapa."

Jioni ile ile mama kapiga kwa simu ya jirani. Furaha tupu. Hajakosa hata funga moja. Sukari imetulia. Jirani yake Editha, ambaye si Mwislamu, humchotea maji ili asichoke. "Mwaka huu nimefunga kama msichana, Mwantum. Nikifa sasa, nitamwambia Mola, mwaka wangu huu hapa, mzima."

Nikasema, "Haya mama." Nikikaa kimya, mama yangu atabaki na mwaka wake mzima ambao si mzima. Nikisema, namnyang'anya. Alhaji ananiachia mimi nichague, yeye yuko msikitini anangoja muadhini!

7 Machi, Jumamosi

Nimesema.

Naandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu mjini kutakuwa na hadithi kumi.

Emilia alimaliza habari, akanitazama, akanyoosha mkono akafunga mlango wa studio kwa ndani. Sikumwomba. "Mimi nashusha sauti ya mashine," kasema, "wewe ongea. Ila ongea Kiswahili cha watu, usinipandie mimbari."

Simu haziruhusiwi studio, lakini leo yangu niliiweka mezani mbele ya kipaza sauti. Saa ya ukutani ikafika dakika ya Alhaji, ikiwa imepunguzwa moja kama alivyoamuru. Adhana ikaanza, neno la kwanza tu. Emilia akaizima. Nikafungua kipaza.

"Msifuturu," nikasema. "Kama mmeshika tende, iwekeni. Jua bado. Anayezungumza ni Mwantum, sauti mnayofuturu nayo kila siku. Saa ya kituo hiki imekuwa mbele tangu siku ya kwanza ya mfungo, kama dakika saba, na tumewafungulisha mapema jioni zote hizi. Hamkujua. Sisi wengine tulijua, tukanyamaza. Waulizeni masheikh wenu namna ya kulipa. Mimi pia ninalipa, kwa sababu nimefuturu humu humu studio kwa saa hiyo hiyo. Tukae pamoja mpaka wakati uingie."

Halafu tukakaa. Sijawahi kukaa kimya hewani. Redio ikinyamaza watu hudhani imekufa, kwa hiyo kila baada ya muda nilisema, "Bado." Emilia alikuwa analia na kunicheka kwa pamoja. Alhaji alikuwa msikitini, hakuwahi kufika. Obedi alikuja akasimama nyuma ya kioo. Nilidhani atakata mitambo, kwa kuwa swichi iko upande wake. Akatazama swichi, akanitazama, akaenda chumba cha nyuma. Saa ya ukutani ikazimika, ikawaka, na ilipowaka ilikuwa inasema sawa na simu yangu. Kamshusha Bibi leo, wiki tatu baada ya kesho yake ile.

Wakati ulipoingia niliirusha adhana ile kwa kubonyeza kitufe mwenyewe. Ile "futari njema" sikuirusha.

8 Machi

Nimefukuzwa, na Emilia kapewa onyo la maandishi. Simu hazikomi. Kuna wanaoniombea. Wengine wananitukana kwamba nimewaharibia mwezi, na mmoja kauliza kwa nini nisingenyamaza tu, dhambi ingekuwa yangu peke yangu. Huyo nimemjibu bila adabu.

Alhaji kapita hewani asubuhi kwa sauti yake tamu ile. Kasema ilikuwa "hitilafu ndogo ya kimtambo". Bibi ndiye mwenye makosa sasa. Mashine haina mdomo wa kujitetea.

9 Machi

Sijaenda kwa mama. Nasema ni mvua.

11 Machi, Jumatano

Nimekwenda. Nilifika alasiri, nimejaa matope mpaka magotini, na nina hotuba kichwani. Nilitaka nimweleze yote, Bibi, cheo, saa ya mkononi, msikitini, ili anikasirikie Alhaji pamoja na mimi. Nilitaka tukasirike wawili.

Mama alikuwa anachambua mchicha. Shikamoo. Marahaba. Akanipa kigoda. Alikuwa ameshasikia yote siku ile ile hewani, na sheikh wa Ihumwa kampelekea salamu kwamba azilipe siku zote hizo, taratibu, afya ikimruhusu.

"Na daktari atasemaje?" nikauliza.

"Daktari aliniruhusu mwezi mmoja. Miwili hakusema."

Nikaanza kumlaani Alhaji. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, mikono yake inaendelea na mchicha. Kisha akasema, wala si kwa ukali:

"Mimi nililiona jua."

"Lini?"

"Siku ile mvua ilipokatika. Na siku nyingine kabla yake, kidogo. Nimetoka nje na tende mkononi, naliona lile pale juu ya reli, ng'ambo ya shamba. Na redio inasema futuruni. Nikasimama. Nikasema, macho yangu haya ya sukari yananichezea, Mwantum hawezi kunidanganya. Nikala." Akanitazama. "Sasa ningeamini kipi, mwanangu?"

Nilikuja na hasira ya kuwatosha watu wawili, ikabidi nikae nayo peke yangu.

Jioni hakuwasha redio. Mbingu ilikuwa safi. Tulikaa nje, maji kwenye vikombe, tende kwenye sahani, na mama kaelekeza uso magharibi. Jua likazama. Nililiona likizama, hakukuwa na ubishi. Nikatazama simu, nikatazama ratiba, nikahakikisha mara mbili.

"Tayari mama," nikasema. "Wakati umeingia. Futuru."

Mama ndiye aliyenifundisha kwamba magharibi ikiingia mtu hacheleweshi, anaharakisha, ndiyo sunna. Hakugeuka kunitazama. Alikaa na kikombe mkononi, midomo imekauka, macho kule kule, mpaka wekundu wote ukaondoka na reli ikapotea gizani.

"Tungoje kidogo," akasema. "Tuwe na hakika."